Damu Ipimwe Kwanza, Dawa Ifuate

(Mazungumzo yaliyotolewa Kerenge, Wilaya ya Korogwe, mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya upimaji wa damu katika maabara, yaani kazi ya kutafuta ndani ya damu ya mgonjwa kama homa aliyo nayo imeletwa na virusi, na bakteria, au na vimelea kama vile vya malaria. Huenda wako wanaojiuliza jambo hili la hospitali limeingiaje katika mkutano wa ushirika, mahali tulipozoea kuzungumza juu ya magunia, pembejeo na madeni. Limeingia kwa mlango wa mizani. Hakuna mwanachama hapa atakayekubali mahindi yake yapokewe ghalani kwa kukadiriwa kwa macho. Atadai mizani, atadai mizani hiyo iwe imekaguliwa, na atadai uzito uandikwe katika stakabadhi mbele yake. Lakini mwanachama huyo huyo, mtoto wake akipata homa usiku, asubuhi anakwenda dukani, anaeleza dalili kwa maneno mawili, anakadiriwa ugonjwa kwa macho, analipa na kurudi nyumbani na vidonge. Tunadai kipimo kwa gunia; kwa nini tusikidai kwa mtoto?

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati wananchi walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujifunza kuchimba vyoo, kusafisha maji na kufyeka mazalio ya mbu. Somo lile lilikuwa la kinga, nalo halijapitwa na wakati. Somo la leo linaanzia pale ambapo kinga imeshindwa na mtu amekwisha kuugua. Linasema hivi: ujue ugonjwa kabla ya kuutibu.

HOMA SI JINA LA UGONJWA

Ndugu zangu, homa ni dalili. Ni mwili unaopiga mbiu kwamba mgeni ameingia, lakini mbiu haimtaji mgeni kwa jina. Malaria huleta homa. Homa ya matumbo huleta homa. Nimonia, dengi, homa ya papasi na ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa mifugo, vyote huleta homa. Kichwa kinauma, viungo vinalegea, chakula hakipiti. Hata tabibu hodari, akitumia macho na mikono peke yake, hawezi kuzitenganisha zote.

Kwa miaka mingi sisi wa mkoa huu tuliziita homa zote malaria, na tulikuwa na sababu. Bonde lote hili lilikuwa na malaria nyingi. Lakini hali imebadilika, na mabadiliko hayo yamepimwa hapa hapa wilayani Korogwe. Watafiti waliopima damu za wakazi wa kijiji kimoja cha tambarare waliona vimelea vya malaria kwa kiasi cha asilimia 78 ya waliopimwa mwaka 2003. Kufikia mwaka 2008 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13. Vyandarua na dawa bora vimefanya kazi yake. Malaria haijaisha, nayo bado inaua. Lakini kadiri malaria inavyopungua, ndivyo desturi ya kuita kila homa malaria inavyozidi kutupotosha.

Hasara ya kukosea si ndogo. Katika miaka ya 2002 na 2003 ulifanyika uchunguzi katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama watu wenye malaria kali walipimwa damu upya kwa uangalifu mkubwa. Waliokutwa na vimelea vya malaria ni 2,062 tu, yaani pungufu ya nusu. Sasa sikilizeni sehemu iliyo nzito zaidi. Miongoni mwa waliokuwa na malaria kweli, walikufa karibu 7 katika kila 100. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa nayo, walikufa 12 katika kila 100. Wale waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao ndio waliokufa zaidi, na karibu theluthi yao hawakupewa dawa yoyote ya kuua bakteria. Ugonjwa wao halisi uliachwa uendelee na kazi yake huku dawa zikipigana na kivuli.

Jirani zetu wa Muheza nao wana ushahidi wao. Katika Hospitali Teule ya Muheza, kati ya Juni 2006 na Mei 2007, watoto 3,639 waliolazwa kwa homa walichunguzwa. Watoto 2,195 walikuwa na vimelea vya malaria. Lakini watoto 341 walikutwa na bakteria ndani ya damu au katika maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo bakteria hawatakiwi kuwapo kabisa. Wako waliokuwa na yote mawili kwa pamoja. Hapa pana fundisho: kuiona malaria hakutoshi kusema kwamba hakuna kingine, na kutoiona hakutoshi kusema kwamba mtoto ni mzima.

BAKTERIA NA VIRUSI: MAADUI WAWILI, SILAHA MBALIMBALI

Watu wengi huwaweka bakteria na virusi katika kapu moja la «vijidudu». Tuwatenganishe, maana dawa zinawatenganisha.

Bakteria ni kiumbe kamili, ingawa ni kidogo mno. Anakula, anakua, anajigawa. Kwa kuwa ana ukuta wake na mitambo yake mwenyewe, inawezekana kutengeneza dawa inayovunja ukuta huo bila kumdhuru mgonjwa. Dawa hizo ndizo tunazoziita viuavijasumu, kama vile penisilini na amoksilini. Virusi havina ukuta wala mitambo ya namna hiyo. Huingia ndani ya chembe za mwili wetu na kuzilazimisha zizalishe virusi vingine. Ndiyo maana penisilini haifanyi lolote juu ya mafua, surua au dengi. Baadhi ya virusi vina dawa zake maalumu, kama vile virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Vingine vingi mwili wenyewe huvishinda, ukisaidiwa kwa maji, chakula na uangalizi.

Mnamo mwaka 2008 watoto 1,005 waliokwenda kutibiwa homa Dar es Salaam na Ifakara walichunguzwa kwa vipimo vingi kwa pamoja. Ilionekana kwamba watoto 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa kama 2 katika kila 10. Na wenye malaria walikuwa karibu 1 katika kila 10. Wengi wao, basi, hawakuhitaji dawa ya malaria wala kiuavijasumu. Na wale wachache waliohitaji, walihitaji haraka. Kazi ya maabara ni kuwatoa wachache hao katika kundi kabla hawajachelewa.

Mwanachama atauliza: kuna ubaya gani mtoto akipewa kiuavijasumu kwa tahadhari? Ubaya upo. Bakteria wanaopigwa na dawa mara kwa mara bila mpango hubaki wale sugu, nao huzaana. Siku mtoto wa jirani atakapopata bakteria hao katika damu, dawa ya shilingi chache haitamfaa tena, na ya bei kubwa haitapatikana Kerenge. Kumeza dawa ovyo ni kama kunyunyiza dawa ya wadudu shambani kila asubuhi bila kumwona mdudu: unamaliza fedha na kuwafuga wadudu sugu.

DAMU INASEMAJE?

Sasa tuingie maabara tuone wataalamu wanavyofanya kazi. Njia ni nyingi, nami nitazitaja zile kuu.

Njia ya kwanza ni kumtazama adui kwa macho. Tone la damu hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Hivyo ndivyo vimelea vya malaria vinavyoonekana na kuhesabiwa. Hata wale wa homa ya papasi, waliojisokota kama nyuzi, huonekana kwa njia hii. Bakteria wengine katika damu huwa wachache mno kuonekana hivi, na virusi ni vidogo kupita uwezo wa hadubini ya kawaida.

Njia ya pili ni kutafuta mabaki ya adui. Kile kipimo cha haraka cha malaria mnachokiona zahanati, chenye mistari miwili, hutafuta protini inayotolewa na kimelea. Ni chepesi, hutoa jibu katika dakika 15 hadi 20, na hakihitaji umeme. Kasoro yake ni kwamba protini ile hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mtu aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili ingawa vimelea vimekwisha kufa. Kwa hiyo mwambie mpimaji kama umetumia dawa karibuni, na ni dawa gani.

Njia ya tatu ni kutazama majeshi ya mwili wenyewe. Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili humlenga adui wake. Tukiikuta kingamwili ya virusi fulani, tunajua virusi hivyo vimepita au vipo. Lakini jeshi halikusanyiki kwa siku moja. Katika dengi, mabaki ya virusi hutafutwa katika siku tano za kwanza, na kingamwili huanza kuonekana baada ya hapo. Katika virusi vya UKIMWI, mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kupimwa akaonekana hana, kwa sababu kingamwili hazijatosha. Ndiyo maana huambiwa arudi baada ya muda. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi 18 hubeba kingamwili za mama yake, hata kama yeye mwenyewe hakuambukizwa. Huyo hupimwa kwa kutafuta virusi vyenyewe.

Njia ya nne ni kuotesha damu, na wakulima mtaifahamu upesi. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, na chupa huwekwa mahali penye joto kama la mwili. Kama bakteria wamo, huota, kama mbegu katika kitalu. Baadaye hutambuliwa kwa jina, na dawa mbalimbali hujaribiwa juu yao ili ijulikane ipi inawaua na ipi wameizoea. Hii ndiyo njia ya kuaminika ya kuthibitisha bakteria katika damu, ikiwa ni pamoja na homa ya matumbo. Lakini ina masharti matatu. Damu itolewe kabla mgonjwa hajaanza viuavijasumu, maana mbegu iliyochemshwa haioti. Ngozi isafishwe vizuri, vinginevyo bakteria wa ngozi ndio watakaoota na kumdanganya mpimaji. Na watu wasubiri, kwa kuwa jibu huchukua siku mbili, tatu, hata tano au zaidi. Kazi hii hufanyika katika hospitali kubwa zenye vifaa, haifanyiki zahanati. Mgonjwa mahututi haachwi bila tiba mpaka jibu lije. Damu hutolewa, tiba huanza palepale, na jibu likija tiba hurekebishwa.

Njia ya tano ni kutafuta chembe za urithi za adui na kuzizidisha mara mamilioni mpaka zionekane. Njia hii, iitwayo PCR, hutambua virusi mapema sana, lakini huhitaji mashine na wataalamu wa maabara kubwa.

Iko pia njia ya kupima hasira ya mwili. Ini hutoa protini iitwayo CRP, ambayo kwa kawaida hupanda sana katika magonjwa makali ya bakteria na hupanda kidogo katika mengi ya virusi. Dar es Salaam, kati ya 2014 na 2016, watoto wagonjwa 3,192 walitibiwa kwa taratibu mbili tofauti. Katika utaratibu mmoja matabibu waliongozwa na vipimo vya namna hii, nao waliwapa viuavijasumu watoto wapatao 12 katika kila 100; katika utaratibu wa pili walipewa karibu 30 katika kila 100. Watoto wa kundi la kwanza hawakupona vibaya zaidi. Walipona vizuri zaidi.

Nitaje na kipimo kimoja ambacho kimezoeleka mno: kile cha homa ya matumbo kiitwacho Widal, cha kuchanganya damu na dawa na kutazama kama inagandamana. Hiki hutafuta kingamwili, nazo zinaweza kuwa za zamani au za bakteria wa jamii nyingine. Kilipochunguzwa Muheza kwa kulinganishwa na damu iliyooteshwa, wengi wa watoto ambao kipimo kiliwasoma kuwa na homa ya matumbo hawakuwa nayo. Kikisema «hamna», kinaaminika zaidi kuliko kinaposema «imo». Kwa hiyo mwanachama anayeambiwa kila mwezi kwamba ana taifodi kwa kipimo hiki peke yake, ana haki ya kuuliza maswali.

FUNDISHO LA RUANGWA

Mwezi Julai 2022 habari zilienea nchini kwamba wilayani Ruangwa, Mkoa wa Lindi, watu wanaugua homa, kichwa na uchovu, na wengine wanatokwa damu puani. Hofu ilikuwa kubwa. Wako waliosema ni Ebola. Wagonjwa 20 waliripotiwa na 3 walifariki. Sampuli zilipopimwa, Ebola haikuonekana, wala Marburg, wala UVIKO-19. Kilichoonekana ni leptospira, bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, ugonjwa uitwao homa ya mgunda. Huo unatibika kwa viuavijasumu vya kawaida, hasa ukiwahiwa.

Mwezi Machi 2023, kule Kagera, homa nyingine ilizuka. Safari hii damu ilisema Marburg, virusi visivyo na dawa iliyothibitishwa. Kati ya watu 9 waliohesabiwa kuugua, 6 walikufa, lakini kwa sababu jina la ugonjwa lilijulikana, waliogusana nao walifuatiliwa, na tarehe 2 Juni 2023 ugonjwa ulitangazwa kwisha. Tafakarini: homa mbili, dalili zinazokaribiana, hofu ile ile. Moja ilitaka vidonge na kuua panya. Nyingine ilitaka kutengwa na kufuatiliwa. Ni maabara iliyoonyesha njia ya kila moja.

Nchi yetu haikuanza jana kujifunza hivi. Chikungunya, ugonjwa wa virusi unaojulikana sasa katika mabara mengi, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika nyanda za Wamakonde kusini mwa nchi, mwaka 1952 na 1953, kwa uchunguzi wa wagonjwa na damu zao. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kumweleza mtu aliyepindika kwa maumivu ya viungo.

WAJIBU WETU

Ndugu Makatibu, yako mambo ambayo chama cha msingi kinaweza kuyafanya bila kungoja fedha kutoka juu.

Kwanza, bandikeni katika ubao wa matangazo wa chama maneno haya: Homa ipimwe siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Hiyo si hisani ya mganga, ni utaratibu.

Pili, vyama vyenye mfuko wa mikopo ya dharura vihesabu nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali kuwa dharura kamili, na fedha hiyo itolewe siku hiyo, si baada ya kikao. Mtoto mwenye degedege, anayeshindwa kunyonya, anayepumua kwa shida au asiyeamka vizuri, hangojei kikao.

Tatu, safisheni maghala. Panya anayekula mahindi ya wanachama ndiye huyo huyo anayekojoa juu ya magunia na katika maji. Wapakuzi wavae viatu, na wenye vidonda miguuni wavifunge.

Nanyi Ndugu Wanachama, mkifika maabara ulizeni maswali matatu: Nimepimwa nini? Jibu limesemaje? Kama malaria haikuonekana, homa hii inatafutwa wapi? Jibu liandikwe katika daftari la mgonjwa, nanyi mlitunze daftari hilo kama mnavyotunza stakabadhi za mazao. Msimeze viuavijasumu vya mabaki ya ndugu au jirani kabla ya kwenda, maana mtakuwa mmefuta nyayo za mwizi kabla askari hajafika. Na mkipewa dawa baada ya kipimo, imalizeni kama mlivyoelekezwa.

Liko jambo moja la mwisho. Bado wako watu wanaoogopa kutolewa damu, na zile hadithi za mumiani hazijafa kabisa. Damu inayotiwa katika chupa ya kuotesha ni mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, yaani kama vijiko viwili vya chai, na kwa mtoto mdogo ni mililita 1 hadi 3 tu. Mwili hurudisha kiasi hicho bila mtu kuhisi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aogopaye sindano huficha maradhi hata kwa nafsi yake mwenyewe.

Ushirika ulianzishwa ili mkulima asipunjwe. Tulijifunza kusimama pamoja mbele ya mizani, kusoma namba kwa macho yetu na kuuliza pale isipolingana. Twendeni na desturi hiyo hiyo mpaka katika dirisha la maabara.